Mhunzi wa Wapi?

Ukisimama katikati ya soko letu ukaita "Mhunzi!" kwa sauti, watageuka watu utadhani umetangaza moto. Atageuka muuza viatu, atageuka mama wa nyanya, na askari aliyekuja kumfukuza mama wa nyanya naye atageuka. Jina limejaa hilo. Kuna duka limeandikwa Mhunzi na Wanawe, linauza vioo vya simu, na mwenyewe hana mtoto hata wa kusingiziwa. Kuna kinyozi Mhunzi. Kuna kituo cha basi kinaitwa Kwa Mhunzi, ukishuka pale humkuti Mhunzi wala ndugu yake, unakuta mtaro na kibanda cha kuchaji betri. Msimu uliopita timu ya mtaa wa chini ilikuwa na Wahunzi sita uwanjani na refa naye Mhunzi, na bado wakapigwa tano bila.

Ndiyo maana ofisi ya vifurushi ya mabasi iliwapa akina Mhunzi rafu yao peke yao.

Mizigo mingine yote ilipangwa kwa herufi. Rafu ya Mhunzi ilikuwa pembeni, karibu na mzani, ya mbao nene, imepinda katikati kwa uzito. Mtu akituma kitu kutoka mbali, mara nyingi anaandika neno moja tu kwenye boksi, kalamu ya wino mzito, herufi kubwa: MHUNZI. Hana habari kwamba huku tuko nao kibao. Yeye anamjua Mhunzi wake, anadhani na dunia inamjua.

Aliyekuwa anashughulika na mkanganyiko huo tulimwita Kaunta. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, vifungo vya shati vimefungwa mpaka kooni, kalamu inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Sisi wa pikipiki tunaopeleka mizigo majumbani tulikuwa tunasema Kaunta alizaliwa nyuma ya ile meza, na kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini hana kitu. Hakuna aliyewahi kuiona miguu yake. Ukifika asubuhi yuko pale, ukiondoka jioni umemwacha pale. Jina lake kamili lilikuwa kwenye kibao kifuani, na ni lilelile. Mhunzi.

Mtu mwingine akija na jina lake, anapewa mzigo, anaweka sahihi, kwaheri. Mhunzi akija, Kaunta anamwonyesha benchi.

"Kaa kwanza."

Halafu anauliza. Mzigo una nini ndani? Umetoka kwa nani? Na wewe ni Mhunzi wa wapi?

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa linachoma watu.

"Kaunta," mama wa nyanya alimwambia siku moja, mikono kiunoni, "nimekuja kuchukua dawa ya mama mkwe. Sijaja kuposwa. Ukoo wangu unautakia nini?"

"Wahunzi ni wengi, mama. Nikikupa dawa ya mtu mwingine, ukamnywesha mkweo, je?"

"Nitakushukuru."

Benchi zima likaangua kicheko. Lakini alijibu, kama walivyokuwa wanajibu wote mwishoni. Jina si lake, ni la mume. Mume aliondoka miaka mingi, akabeba redio na blanketi zuri, jina akalisahau nyumbani. "Yeye kachukua redio, mimi nikabaki na jina. Halichukui nafasi." Huko kwa mume, babu yao alikuwa mhunzi kwelikweli, alifua majembe mpaka akawa kiziwi.

Kaunta akasikiliza, kichwa kimeinama upande. "Haya," akasema, akampa dawa.

Mzee wa baiskeli, anayefuatilia vipuri kila wiki, yeye alikuwa anapenda kuulizwa. Akifika wageni kwenye benchi, anaanza upya. "Babu yangu hakuwahi kushika nyundo. Alikuwa mvivu wa kutupwa. Wenzake wakienda shambani asubuhi na baridi, yeye anakwenda kukaa kwa mhunzi, anaota moto. Wakawa wanasema, muulizeni yule wa kwa mhunzi. Mpaka leo tuko ukoo mzima, walimu, madereva, mpaka padri mmoja, wote tumepata jina kwa uvivu wa mtu mmoja."

Kuna kijana wa kiwandani, huyo jina alilichagua mwenyewe. Msimamizi wake alikuwa mgeni, jina la baba yake lilimkwama mdomoni, kila siku analitafuna vibaya mbele za watu. Kijana akachoka. Akatafuta jina ambalo hata mlevi analitamka. "Nikachukua Mhunzi, kama unavyochukua sare stoo." Baba yake hajamsemesha tangu siku hiyo. Alilisema hilo huku anacheka, na kicheko kikamwishia njiani.

Mwingine alisema Mhunzi lilikuwa jina la utani la bibi yake, kwa sababu ya mikono. Mwingine akasema hajui, na hajawahi kujiuliza, na je, betri yake anapewa au hapewi?

Wote Kaunta aliwapa kichwa kile kilichoinama. Nilikuwa nadhani ni utaratibu wa kazi. Watu wengine walidhani ni umbea. Wapagazi walikuwa na yao, kwamba ni njia ya kuchelewesha watu mpaka watoe chochote, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipokea hata peremende.

Siku moja mvua ilinyesha kama imetumwa. Mabasi yalichelewa, benchi lilikuwa tupu, pikipiki yangu nimeiegesha chini ya upenu wa ofisi. Kaunta alikuwa anabandika tepu kwenye boksi lililolowa. Mimi siwezi kukaa kimya, ni ugonjwa wangu. Nikamwambia, "Na wewe, mzee, ni Mhunzi wa wapi?"

Nilitaka kumtania tu. Akaikata tepu kwa meno.

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Nikanyamaza, na kwangu si jambo dogo.

"Nina kaka," akasema.

Akaniambia alilelewa kituo cha watoto, kilimani, nyumba ndefu ya mabati. Yeye na kaka yake walilala kitanda kimoja. Kaka alikuwa mrefu, miguu inatokeza nje ya kitanda, wenzake wakamwita Mrefu. Jina lake halisi Kaunta halijui. Mtoto mdogo hamwiti kaka yake kwa jina. Kisha kituo kikafungwa. Magari yakaja. Wakubwa wakapakiwa gari moja wakapelekwa kujifunza kazi, wadogo wakagawiwa kwa watu. Yeye akachukuliwa na mwenye tanuri la mikate, akakulia palepale kati ya magunia ya unga.

"Kaka alisimama mlangoni mwa gari. Akaniambia, usilie, nitakuja."

Alipoanza shule, maana aliandikishwa kabla kituo hakijafungwa, ndipo mwalimu akasoma jina lake lote, na yeye akajua ni Mhunzi. Akasema moyoni, basi na kaka ni Mhunzi, na baba yetu alikuwa Mhunzi. Alipokuwa mtu mzima alirudi kilimani. Akakuta nyumba imekuwa ghala la saruji, mlinzi hajui kitu. Aliwahi kutangaza redioni. "Wakaja kaka wengi. Mmoja nilikuwa nimemzidi umri. Mwingine alinikumbatia, akalia, akauliza nyumba ya urithi iko wapi."

"Sasa ukaja hapa."

"Kaka anajua kitu kimoja tu juu yangu, jina. Na mimi najua hilohilo juu yake. Niambie wewe unayezunguka, ni mahali gani pengine Wahunzi wote wanapita, mmojammoja, na mtu akiwauliza hawamshangai?"

"Wanakushangaa, mzee."

"Wanajibu lakini."

Ndipo nikaelewa mambo mengine. Kampuni ilitaka kumpandisha, awe mkaguzi wa safari za mbali, akakataa. Ikataka kumpeleka tawi kubwa, akakataa. Watu wakasema amelogwa na ile meza. Kuna mwanamke aliwahi kumsubiri amuoe wahamie kwao, akasubiri mpaka akachoka, akaolewa na dereva. Kumbe mtu ameahidiwa "nitakuja", naye hawezi kusogea, asije kaka akafika akakuta hayupo.

*

Mwenye mabasi alizeeka, akamwachia ofisi binti yake. Tukamwita Dada Mfumo, kwa sababu sentensi yake haiishi bila neno hilo. Si mtu mbaya. Alituletea feni na akakataza wapagazi kurusha maboksi. Ila alikuja na mashine ndogo inayotema vikaratasi. Mzigo ukipokelewa, mashine inatoa namba, namba inaingia kwenye simu ya mwenye mzigo, anakuja, anaonyesha, anachukua. Haulizwi hata hujambo.

"Mzee wangu," alimwambia Kaunta, kwa heshima, mbele yetu, "watu wananilalamikia. Mtu anahojiwa habari za babu yake ili apewe betri."

"Wahunzi ni wengi, mama."

"Ndiyo maana tuna mfumo. Na hii rafu itaondoka. Fundi seremala atakuja, pale pakae mashine ya pili."

Kaunta akaishika rafu kama mtu anayeshika bega la mtoto wake mbele ya polisi. "Rafu ibaki."

"Rafu ya jina moja? Wengine wakidai yao nitawaweka wapi?"

"Basi mpaka mwisho wa mwezi. Kuna mizigo ya zamani."

Hakukuwa na mizigo ya zamani ya maana. Dada Mfumo alimwangalia, akaona kuna kitu, ila hakujua ni nini. "Mwisho wa mwezi," akasema.

Siku zile Kaunta alibadilika. Zamani alikuwa anauliza taratibu, anasubiri. Sasa akawa anauliza hata walioshika namba mkononi. Akiona mwanamume mwenye mvi, mrefu kidogo, anaacha foleni anamvamia kwa maswali. Ulilelewa na nani? Uliwahi kulala kitanda kimoja na mdogo wako? Mmoja akamwambia, "Wewe mzee, ulale na watu wako, mimi niachie kabureta yangu." Foleni ikacheka. Kaunta hakucheka wala hakukasirika, akaita anayefuata.

Nikamwambia, "Mzee, unaniangusha. Watu wanakuona umechanganyikiwa."

"Wacha wanione."

"Asipokuja mwezi huu?"

Akanijibu kama mtu aliyekwishalipigia hesabu mara nyingi. "Rafu ikiondoka, atafika hapa, ataonyesha namba, nitampa mzigo wake, atatoka. Nitakuwa nimemshika mkono na sijui."

Nikapakia mizigo nikaondoka.

*

Jumamosi ya mwisho rafu ilikuwa na vifurushi vichache tu. Benchi lilikuwa na mama wa nyanya, mzee wa baiskeli, na wengine wawili. Walikwishasikia kwamba mambo ya kuulizwa yanakwisha, na nadhani walikuja kuaga, ingawa kila mmoja alisingizia mzigo.

Akaingia mzee mfupi, mwenye nywele nyeupe, utepe wa kupimia nguo umezunguka shingo. Fundi cherehani. Hatukuwahi kumwona. Alisema amehamia karibuni, anaishi kwa binti yake.

"Shikamoo," Kaunta akamwamkia.

"Marahaba. Kuna kifurushi changu. Mhunzi."

"Kaa kwanza, mzee wangu. Mzigo una nini ndani?"

"Mkanda wa cherehani na sindano. Na mafuta, kama mwanangu hakusahau. Atakuwa amesahau."

"Umetoka kwa nani?"

"Huyohuyo msahaulifu."

"Na wewe ni Mhunzi wa wapi?"

Mama wa nyanya akamgusa kiwiko. "Jibu tu, baba. Ndiyo kodi ya hapa."

Fundi akacheka kidogo. "Mimi si Mhunzi wa popote. Jina nilipewa."

Kaunta akaiachia kalamu, ikabaki inayumba kifuani. "Ulipewa na nani?"

"Na mpishi."

"Makubwa," mzee wa baiskeli akasema. "Mpishi anagawa majina. Basi kinyozi atagawa mashamba."

"Nyamaza wewe!" Kaunta alisema, na hatukuwahi kumsikia akimfokea mtu. Akainua ubao unaofunika pa kupitia mezani, akatoka nyuma ya meza. Miguu alikuwa nayo, na viatu vimepigwa rangi. Akasimama mbele ya fundi, akamtazama usoni, akamshusha macho mpaka chini, akampandisha tena. Nikajua anapima urefu. Fundi alikuwa anamfika begani.

"Mpishi wa wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wa kituo cha watoto. Kule kilimani, siku hizi wanaweka saruji."

"Nilikuwa kule."

"Acha bwana!" Fundi akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ulikuwa kule? Kwa mpishi? Ulikuwa katika wadogo basi, sura siikumbuki."

"Kulikuwa na mmoja anaitwa Mrefu. Miguu inatoka nje ya kitanda."

"Vitanda vile kila mtu miguu ilitoka. Hata mimi hivi nilivyo."

"Kaka yangu. Tulikuwa wawili, akina Mhunzi."

Fundi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekutana na wa kwao, hana habari anakanyaga wapi. "Akina Mhunzi wawili! Sote tulikuwa Mhunzi, ndugu yangu. Kituo kizima. Mpishi ndiye aliyekuwa anatupeleka kuandikishwa shule, maana wakubwa wa kituo hawakuwa na muda. Mwalimu anauliza, baba yake nani? Asiye na jina la baba hapokelewi. Basi mpishi anataja lake. Mwaka huu watoto wanane, mwaka ujao saba. Mwalimu akamwambia, bwana Mhunzi, mkeo hapumziki? Na yule mtu hakuwahi kuoa."

Watu wa benchi walicheka. Kaunta hakucheka.

"Lakini kaka yangu," akasema.

"Alikulalisha kitandani mwake? Alikuogesha?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umri gani unapofika?"

"Sikumbuki kufika."

Hapo fundi akamwangalia vizuri, na kicheko kikamtoka taratibu. Akaukamata utepe wake kwa ncha mbili. "Ndugu yangu. Kila mdogo alikuwa anapewa kaka. Ukifikisha umri wa kubeba ndoo, unaitwa, unaambiwa, huyu ni mdogo wako, umlishe, umwogeshe, ulale naye asije akaanguka. Mimi nilipewa watatu, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo walivyokuwa wanaendesha pale, walezi walikuwa wachache."

"Mlijua?"

"Sisi wakubwa tulijua. Nyinyi wadogo hamkuambiwa. Nilidhani unajua. Samahani. Nilidhani mtu akikua anajua."

Dada Mfumo alikuwa amesimama mlangoni kwake na karatasi mkononi.

"Siku ya magari," Kaunta akasema, "aliniambia usilie, nitakuja."

Fundi akauzungusha utepe kidoleni. Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. "Tuliambiwa tuwaambie hivyo," akasema. "Ili mpande bila kelele. Mimi pia nilisema."

Sijui kama umewahi kumwona mtu anavuliwa kitu mbele za watu na hakuna aliyemgusa. Kaunta alisimama palepale, vifungo vyake mpaka kooni. Miaka yote ile alimtafuta mtu ambaye naye, alidhani, anamtafuta. Kumbe upande wa pili hapakuwa na mtu.

Mwishoni akasema, si kwa kubishana, bali kama anayeuliza bei. "Alipokuwa ananimwagia maji kichwani, alikuwa anaweka kiganja hapa." Akauweka mkono wake kwenye paji la uso, umelala kama ukingo wa kofia. "Sabuni isiingie machoni. Kila siku."

Fundi akauangalia ule mkono. Akajaribu kukumbuka, tulimwona.

"Hiyo hatukufundishwa," akasema.

Kaunta akarudi nyuma ya meza, akashusha ubao. Akakichukua kifurushi rafuni, akakiweka mbele ya fundi, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Fundi akaweka sahihi ya herufi kubwa, polepole, kama wanavyoandika watu wa mkasi.

"Uje dukani siku moja," akasema. "Tuongee habari za kule. Nitakushonea shati, hilo kola yake imechoka."

"Nitakuja," Kaunta akasema. Kisha akafunga mdomo ghafla na kugeukia mzani.

Mama wa nyanya alikuwa analia waziwazi na kumlaumu mzee wa baiskeli kwa hilo, sijui kwa nini. Saa ya kufunga ilipofika, Kaunta alimfuata Dada Mfumo mwenyewe. "Seremala aje hata kesho," akasema. Yule dada akataka kusema rafu inaweza kubaki kidogo, nilimsikia anaanza, "Mzee, kama unataka..." Kaunta akatikisa kichwa na kuchukua kofia yake.

*

Wiki iliyofuata alifanya kazi kama kawaida. Namba, sahihi, anayefuata. Pale palipokuwa na rafu ukuta ulikuwa na rangi tofauti. Mama wa nyanya alikuja, akaonyesha namba, akapewa, akasimama anangoja. "Huniulizi?" "Kuna foleni, mama." Akaondoka mdogomdogo, anageuka nyuma.

Jumamosi hakuja kazini. Haijawahi kutokea. Dada Mfumo akanituma, "Hebu nenda kamwone, hapokei simu," nami nilikuwa nimekwisha kuwasha pikipiki.

Anakaa chumba kimoja kwenye ua wenye wapangaji wengi, bomba katikati. Nilikuta mlango wazi. Yuko ndani, amevaa, vifungo mpaka kooni, amekaa kwenye kitanda chake ameshika goti. Na ukutani upande wa pili kulikuwa na kitanda cha pili.

Cha chuma, kirefu kuliko cha kawaida, kimetandikwa shuka lililopigwa pasi, mto umewekwa sawasawa. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta. Meza yake ya kulia alikuwa ameibana nyuma ya mlango, mlango haufunguki wote. Miaka yote hiyo alikuwa anaingia nyumbani kwake kwa ubavu.

Hakunieleza, na mimi kwa mara ya pili maishani sikuuliza.

"Una spana kwenye pikipiki?" akasema.

"Ninayo."

"Lete. Mama wa chumba cha mwisho watoto wake wanalala chini."

Bolti zilikuwa na kutu. Hakijawahi kufunguliwa wala kulaliwa kile kitanda, godoro lilikuwa gumu, limejaa kama siku lilipotoka dukani. Tulihangaika nazo, mimi nazungusha, yeye ameshika chuma kisitikisike. Moja ilikataa kabisa tukaigonga. Watoto wa ua wakakusanyika mlangoni. Mama yao akaja anafuta mikono, anasema, "Baba, kweli? Kirefu hivi? Si watalala wote watatu!" Akabeba godoro kichwani kabla mtu hajabadili mawazo. Watoto wakabeba mbavu za kitanda, kelele mpaka chumba cha mwisho, na tukaanza kusikia wakigombania nani alale ukutani.

Kaunta akachukua ufagio. Chini ya kitanda palikuwa safi, alikuwa anapafagia siku zote, lakini akafagia. Kisha akanishikisha upande mmoja wa meza, tukaitoa nyuma ya mlango, tukaiweka pale palipokuwa na kitanda. Akasogeza kiti. Akakaa, akaweka mikono juu ya meza, akaangalia mlango uliofunguka wote, watu wa ua wakipita na ndoo zao.

"Inakaa vizuri hapo," nikamwambia.

"Ee."

Nikaaga. Nilipokuwa napiga kiki pikipiki, nikamsikia anaikokota meza sakafuni. Nikachungulia. Alikuwa anairudisha nyuma ya mlango, pale pa kitanda pabaki wazi.